Kuunga Picha za Mandhari ya Mlima: Ufundi, Istilahi na Ushahidi

Utangulizi

Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui katika nchi ya Ukambani, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali, vilele vyake vikiwa vimevikwa weupe. Jina la Krapf si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Ndiye aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Hata hivyo, aliposema kwamba kuna theluji karibu na ikweta, baadhi ya wanajiografia wa Ulaya, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, walimkatalia kama walivyokuwa wamemkatalia mwenzake Johannes Rebmann, aliyeuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Wakamba, Wakikuyu, Wameru, Waembu na Wamaasai waliokuwa wakiutazama Mlima Kenya vizazi kwa vizazi hawakuhitaji kuthibitishiwa na yeyote. Lakini katika mjadala ule wa Ulaya ushahidi wao haukuwa na uzito. Krapf alikuwa na maneno tu mkononi. Hakuwa na picha.

Leo shaka inaweza kutujia kutoka upande wa pili. Mto wa barafu wa Lewis, ulio kati ya kilele cha Lenana na kilele cha Nelion, ulichorwa ramani mwaka 1934 na Wajerumani Carl Troll na Karl Wien. Ulipopimwa upya mwaka 2010, watafiti walikuta kwamba umekwisha kupoteza takribani asilimia 90 ya ujazo uliokuwapo mwaka 1934. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo lilieleza, katika ripoti yake kuhusu Afrika iliyotolewa mwaka 2021, kwamba hali ikiendelea hivyo Mlima Kenya huenda ukabaki bila barafu katika miaka ya 2030. Mtoto anayezaliwa wakati huu huenda akafika chuo kikuu akisoma habari za barafu ya Mlima Kenya kama anavyosoma ngano za mazimwi. Akiuliza kama kweli ilikuwapo, tutamwonyesha nini?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha pana ya mlima inavyotengenezwa kwa kuunga pamoja picha kadhaa ambazo mpanda mlima amezipiga akiwa safarini. Hoja yetu kuu ni kwamba picha ya namna hii ni shahidi. Na kama ilivyo kwa shahidi yeyote, thamani ya ushahidi wake inategemea mahali aliposimama, mwanga uliomwezesha kuona, na uaminifu wa maelezo anayoyatoa. Mifano yetu mingi itatoka Mlima Kenya.

Panorama ni nini?

Neno panorama limeundwa kutokana na maneno mawili ya Kiyunani: moja lenye maana ya 'yote' na jingine lenye maana ya 'kinachoonekana'. Neno hilo halikuanzia katika upigaji picha. Lilihusishwa kwanza na michoro mikubwa ya rangi ya Robert Barker, msanii aliyefanya kazi Edinburgh na kupewa hataza ya ubunifu wake mwaka 1787. Mtazamaji alisimama katikati ya chumba cha mviringo, mchoro ukamzunguka pande zote kana kwamba amesimama juu ya kilima. Kamera ilipovumbuliwa katika karne ya 19, wapiga picha walitamani kuleta athari hiyohiyo, lakini lenzi ya kawaida huona kipande kidogo tu cha ulimwengu. Baadhi yao walitafuta suluhisho kwa kuunda lenzi inayozunguka. Wengine walipiga picha kadhaa zinazofuatana, wakazipanga ubavu kwa ubavu.

Njia hiyo ya pili ndiyo iliyowafaa watu wa milimani. Mwitaliano Vittorio Sella, aliyezaliwa mwaka 1859 na kufariki mwaka 1943, ni miongoni mwa waliosifika sana kwa kuunga picha za safu za milima. Mwaka 1906 alifuatana na mtawala mdogo wa Abruzzi hadi milima ya Ruwenzori, na picha alizopiga huko ni kumbukumbu muhimu ya barafu ya milima hiyo jinsi ilivyokuwa wakati huo. Sella alifanya kazi kwa mabamba ya kioo, ambayo wapagazi walilazimika kuyapandisha na kuyateremsha bila kuyavunja. Mpanda mlima wa leo hubeba mfukoni kadi ndogo inayoweza kuhifadhi maelfu ya picha. Vifaa vimebadilika, lakini masharti ya kazi hayajabadilika.

Suala la istilahi

Kwa kuwa tunaandika kwa Kiswahili, hatuna budi kutulia kidogo juu ya maneno. Wapo wanaosema 'kubandika picha', lakini kubandika ni kuweka kitu juu ya kingine, si kuvifanya viwili kuwa kimoja. Wapo wanaosema 'kushona', na neno hilo lina mizizi katika ufundi wa pwani yetu. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu, ulikuwa wa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nyuzi za nazi, bila misumari, ukasafiri baharini kama kitu kimoja. Hata hivyo, katika chombo kilichoshonwa mshono huonekana, ilhali katika picha tunayoizungumzia mshono haupaswi kuonekana. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendelea kitenzi 'kuunga', kama mtu anavyounga kamba au mfupa uliovunjika: vipande vilivyokuwa viwili vinakuwa kimoja na kuanza kubeba uzito pamoja.

Istilahi ya pili ni ile ya sehemu ambayo picha moja inarudia kile kilichokwisha kuonekana katika picha iliyotangulia. Hapa mfano mzuri unatoka kwa fundi wa kuezeka. Kuti halipangwi likagusana tu na jingine. Hulilalia jingine, vinginevyo mvua itapenya. Tutasema basi kwamba picha 'hulaliana', na sehemu hiyo tutaiita sehemu ya kulaliana. Pasipo na kulaliana, hapana kuunga.

Maandalizi

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha nzuri ya kilele huanza kuundwa bondeni, kabla ya mkoba kufungwa. Jambo la kwanza ni uzito. Kila kitu anachokibeba mpiga picha hubebwa hadi penye hewa haba, na anayechoka hovyo hupiga picha hovyo. Kamera moja, lenzi moja ya wastani, betri za akiba na kitambaa safi cha kufutia lenzi vinatosha. Kiweko cha miguu mitatu ni msaada mkubwa wakati wa giza au mwanga hafifu, lakini mchana wenye jua mtu anaweza kufanya kazi nzuri bila kiweko, mradi afuate kanuni zitakazoelezwa hapa chini.

Jambo la pili ni baridi. Betri hupungukiwa nguvu upesi katika baridi kali, kwa hiyo za akiba huwekwa katika mfuko wa ndani, karibu na mwili. Aidha, kamera iliyotoka penye baridi ikaingizwa ghafla katika kibanda chenye joto hupatwa na ukungu juu ya lenzi. Ni vyema ibaki ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto polepole.

Jambo la tatu ni wakati. Anayepanda kwa njia ya Sirimon hulala katika kambi ya Shipton, iliyo kwenye mwinuko wa takribani mita 4,200, na kwa kawaida huamshwa usiku wa manane ili aanze safari karibu na saa tisa. Lengo ni kufika Lenana, mita 4,985, wakati wa macheo, yaani karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ratiba hii inamfaa mpiga picha kwa sababu mbili. Kwanza, asubuhi mapema mara nyingi mbingu huwa wazi, na mawingu huanza kupanda kutoka mabondeni kadiri siku inavyokua. Pili, vilele vikuu vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, viko upande wa magharibi wa Lenana. Jua linapochomoza nyuma ya mgongo wa mpiga picha, mwanga wake huangukia moja kwa moja kwenye magenge ya vilele hivyo na kuonyesha kila ufa. Alasiri mambo hugeuka: jua likiwa upande wa vilele, magenge hayo huingia kivulini.

Namna ya kupiga

Msomaji anaweza kudhani kwamba kazi yote ya kuunga hufanywa na kompyuta. Sivyo. Kompyuta haiwezi kutengeneza kile ambacho mpiga picha hakukikusanya. Mambo yafuatayo ndiyo ya kuzingatia.

Kwanza, kamera isimamishwe wima, yaani upande wake mrefu uelekee juu na chini. Wengi hushangazwa na shauri hili, kwa sababu mandhari ni mapana na kamera iliyolala hupokea upana mkubwa zaidi kwa mara moja. Lakini upana tutaupata kwa kuongeza idadi ya picha. Tunachokihitaji katika kila picha ni kimo, ili kilele kisikatwe juu wala mawe ya karibu yasikatwe chini, na ili ibaki nafasi ya kupunguza kingo zitakazokuwa na mawimbi baada ya kuunga.

Pili, picha zilaliane kwa thuluthi moja hivi. Hesabu yake si ngumu. Lenzi ya milimita 50, katika kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 iliyosimamishwa wima, huona pembe ya nyuzi 27 hivi kwa upana. Tukiacha nyuzi 9 za kulaliana, kila picha mpya inatuongezea nyuzi 18. Ili kufikia nusu ya mviringo, nyuzi 180, tutahitaji picha 10. Ili kuuzunguka upeo wote wa macho, nyuzi 360, tutahitaji picha 20. Faida yake ni kubwa. Ikiwa kila picha ina upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 6,000, picha 10 zilizoungwa hutoa picha moja yenye upana wa pikseli 28,000 hivi kabla ya kingo kupunguzwa. Katika picha kama hiyo, mtu anaweza kukikuza kipande kidogo cha ukingo wa barafu na kuona mawe yaliyo mbele yake.

Tatu, mwanga upimwe mara moja, kisha usibadilishwe. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, itaona barafu inayong'aa na kupunguza mwanga. Ikigeuzwa kuelekea bonde lenye kivuli, itauongeza. Picha hizo zikiungwa, anga litakuwa na mistari ya wima kama kitambaa kilichofuliwa vibaya. Kwa hiyo mpiga picha hutazama kwanza mandhari yote, akatafuta sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote, akaweka kipimo kisichoiunguza sehemu hiyo, kisha akakifunga. Ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya kufunguka na kufunga, kiwango cha ISO, fokasi na mizani ya rangi vyote hubaki vilevile tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kamera ikiwa na uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, ni bora zitumike hizo, kwa sababu huhifadhi maelezo mengi zaidi ya vivuli na weupe.

Nne, kichujio cha kupunguza mng'aro kiondolewe. Kichujio hicho hulitia anga rangi ya buluu iliyokolea, lakini nguvu yake hutegemea pembe iliyopo kati ya lenzi na jua. Katika picha moja ndogo jambo hilo halionekani sana. Katika picha pana, anga hukolea sehemu moja na kufifia sehemu nyingine, na kasoro hiyo ni vigumu kuiondoa.

Tano, kazi ifanyike kwa mwendo wa wastani bila kusitasita. Mawingu ya mlimani hayangoji. Wingu lililokuwa juu ya Nelion katika picha ya tatu linaweza kuwa limefika Batian katika picha ya tano, na programu itashindwa kuamua ni lipi la kweli. Ni desturi nzuri kuanza kushoto na kwenda kulia, na kupiga picha ya kiganja cha mkono kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Mtu akirudi nyumbani na picha mia tatu, viganja hivyo humwonyesha kila msururu unapoanzia na unapoishia.

Jambo la sita ni la usalama, nalo lina uzito kuliko yote. Jicho lililo kwenye kamera halioni miguu inapokanyaga. Mpiga picha asirudi nyuma hata hatua moja akiwa anatazama kupitia kamera, na asikae kileleni kwa ajili ya picha wakati mwelekezi amekwisha kusema kwamba ni wakati wa kushuka. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu penye mwinuko ni dalili za mwili kulemewa na uhaba wa hewa. Mwenye dalili hizo ashuke, picha itapigwa siku nyingine.

Tatizo la kusimama

Tumesema kwamba thamani ya shahidi inategemea mahali aliposimama. Katika upigaji picha, kauli hii si sitiari. Ni kanuni ya hisabati. Nyosha kidole chako mbele ya uso, ufumbe jicho moja kisha jingine. Kidole kitaonekana kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ilhali ukuta ulio mbali hautasogea sana. Jambo hili huitwa paralaksi. Mtu anayegeuka na kamera mkononi kwa kuzungusha kiwiliwili chake huihamisha lenzi bila kujua, na vitu vya karibu huhama kuliko vya mbali.

Tuchukue mfano. Ikiwa lenzi imehama kwa sentimita 10 kati ya picha moja na nyingine, jiwe lililo umbali wa mita 2 litaonekana limehama kwa nyuzi zipatazo 2.9. Katika kamera tuliyoitaja hapo juu, hizo ni pikseli zaidi ya 400. Genge lililo umbali wa kilomita 2 halitahama hata kwa pikseli moja. Programu ikilazimishwa kuunga picha hizo, itafaulu kuunga genge na kulivunja jiwe vipande viwili, au kinyume chake.

Suluhisho ni kuizungusha kamera juu ya kitovu kimoja, nacho ni ile nukta ndani ya lenzi ambamo miale ya mwanga huonekana kukutana inapoingia. Vipo vyuma maalumu vya kufunga juu ya kiweko kwa kazi hiyo. Asiye navyo anaweza kufanya mambo mawili: azungushe miguu yake kuizunguka kamera badala ya kuizungusha kamera kumzunguka yeye, na aepuke kuweka vitu vya karibu sana ndani ya picha. Mimea mikubwa ya lobelia na senesio inayoota katika mabonde ya mlima huu hupendeza sana mbele ya vilele, lakini ni heri mtu ajitenge nayo hatua kadhaa kabla ya kuanza.

Mwanafunzi wa fasihi atatambua suala hili mara moja. Tunapohakiki riwaya, tunauliza msimulizi anatazama kutoka wapi, na kama mtazamo wake unahama bila sisi kuarifiwa. Msimulizi anayeruka kutoka nafsi hadi nafsi anaweza kuwa na sababu za kisanaa, lakini hawezi kudai kwamba ametoa ushahidi wa mtu mmoja. Ndivyo ilivyo kwa picha pana. Vipande 10 vikipigwa kutoka mahali kumi tofauti, hatuna picha ya mlima kama alivyouona mtu. Tuna mlima ambao hakuna aliyepata kuuona.

Kuunga kwa kompyuta

Kwa muda mrefu kuunga kulikuwa kazi ya mkasi na gundi. Mwaka 1998 Mjerumani Helmut Dersch alitoa seti ya programu zilizowawezesha watu wengi kuunga picha kwa kompyuta, ingawa mtumiaji alihitajika kuonyesha kwa mkono nukta zinazofanana katika picha mbili. Mwaka 1999 David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alieleza njia ya kuifanya kompyuta itambue alama zilezile hata zikionekana kwa ukubwa au mwelekeo tofauti, na mwaka 2003 yeye na Matthew Brown walionyesha jinsi njia hiyo inavyoweza kuunga msururu mzima wa picha bila msaada wa mkono. Leo zipo programu za kununuliwa, na zipo za bure kama vile Hugin, ambazo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzitumia.

Kazi ya programu hizi ina hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kutafuta alama zinazofanana katika sehemu za kulaliana: ncha ya mwamba, ufa, doa la theluji. Hatua ya pili ni kukokotoa jinsi kamera ilivyogeuzwa kati ya picha na picha, kisha kila picha ikapindwa kidogo ili iingie mahali pake. Hatua ya tatu ni kufifisha mshono kwa kuchanganya taratibu rangi za picha mbili zinazopakana.

Kati ya hatua hizo kuna uamuzi ambao programu humwachia mtumiaji. Mtu aliyesimama kileleni yuko katikati ya tufe, lakini karatasi ni bapa. Kama vile ganda la chungwa haliwezi kulazwa mezani bila kupasuka au kuvutwa, ndivyo mandhari yasivyoweza kulazwa juu ya karatasi bila kupoteza kitu. Mtindo bapa hudumisha mistari iliyonyooka, lakini pembe ikizidi nyuzi 120 hivi, vilele vya pembeni huvutwa na kuonekana vinene kupita kiasi. Mtindo wa silinda hustahimili hata mviringo mzima, ila mistari mirefu iliyonyooka, kama vile paa la kibanda, hupinda mfano wa upinde. Hakuna mtindo usio na gharama. La muhimu ni mtumiaji ajue amechagua upi, na aseme.

Picha na ukweli

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Baada ya kuunga, kingo za picha hubaki na mapengo meusi. Zamani mapengo hayo yalikatwa tu. Programu za siku hizi, zikiwemo za simu, zinaweza kuyajaza zenyewe: huongeza anga pasipokuwa na anga, mwamba pasipokuwa na mwamba, na hata theluji mahali ambapo hakuna aliyeiona. Zinaweza pia kumfuta mpanda mlima aliyepita mbele ya lenzi, au kuling'arisha bonde lililokuwa na ukungu.

Kwa picha ya kutundika sebuleni, huenda jambo hilo lisimdhuru mtu. Lakini tukumbuke mto wa barafu wa Lewis. Watafiti hulinganisha picha za zamani na za sasa ili wajue ukingo wa barafu ulifika wapi mwaka fulani. Picha ambayo programu imeiongezea hata kipande kidogo cha weupe haiwezi kuingia katika hesabu hiyo, na hatari kubwa ni kwamba ubaya wake hauonekani kwa macho. Inapendeza, inaaminika, na ni ya uongo. Cooley alikosea alipoukataa ushahidi wa kweli. Wajao wanaweza kukosea kwa kuukubali ushahidi wa uongo, na kosa hilo litakuwa letu tuliowaachia.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni nyepesi. Picha asilia zihifadhiwe zote bila kuguswa. Mapengo yakatwe, yasijazwe. Kusawazisha mwanga na rangi kwa picha nzima kunaruhusiwa. Kuongeza au kuondoa kitu hakuruhusiwi, na anayelazimika kufanya hivyo atamke waziwazi. Picha pana inayopigwa kwa kuzungusha simu mara moja ni kumbukumbu nzuri ya safari, ila mara nyingi haihifadhi vipande vilivyoiunda, na kwa hiyo haiwezi kuhakikiwa baadaye.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha pana isiyo na maelezo ni kama shairi lisilo na mtunzi wala tarehe: tunaweza kulifurahia, lakini hatuwezi kulitolea ushahidi. Maelezo ya kutosha hayazidi aya moja. Yataje tarehe na saa, mahali kamera iliposimama, pamoja na vipimo vya satelaiti kama vinapatikana, mwinuko, mwelekeo wa picha ya kwanza na ya mwisho kwa dira, lenzi iliyotumika, na idadi ya picha zilizoungwa. Kisha yataje kinachoonekana, kutoka kushoto hadi kulia. Mahali pakielezwa vizuri, mtu mwingine anaweza kurudi papo hapo baada ya miaka 10 na kupiga tena. Eneo la karibu na kibanda cha Austria, kwenye mita 4,790, linafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa linatazamana na mabaki ya mto wa Lewis na ni rahisi kutambulika.

Kazi hii ya maelezo ndiyo inayotudai sisi wa Kiswahili. Majina mengi ya mahali katika mlima huu yalitolewa na wageni. Batian, Nelion na Lenana ni majina ya viongozi wa kidini wa Wamaasai, lakini aliyeyapachika vileleni ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian tarehe 13 Septemba 1899 akiwa na waelekezi César Ollier na Joseph Brocherel. Wakikuyu wanauita mlima wenyewe Kirinyaga. Wameru wanauita Kirimara. Waelekezi na wapagazi wanaopanda kila wiki wanayo majina na maneno mengine ya miteremko, mabonde na aina za theluji, ambayo hayajaandikwa popote. Mwanafunzi anayepanda na kamera, akawauliza na kuandika, anaunga picha mbili kwa pamoja: ile ya macho na ile ya lugha. Isitoshe, yeye ndiye anayeweza kuamua ni lini aseme mgongo, ukingo, genge, korongo au shingo ya mlima, ili maneno haya yatumike kwa maana moja na kila mwandishi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha pana ya mlima haitokani na bahati wala na kamera ya bei ghali. Inatokana na kusimama mahali pamoja, kushika mwanga mmoja, kuacha vipande vilaliane vya kutosha, kuunga bila kuongeza, na kuandika kilichoonekana. Masharti haya hayamshindi mwanafunzi wa kawaida. Vyuo vyetu vingi vina vyama vya wapanda milima, na kila mwaka wanafunzi hupanda Mlima Kenya na kushuka na picha zinazosahaulika ndani ya simu. Tunatoa wito kwa vyama vya Kiswahili na vyama vya wapanda milima vishirikiane: vichague mahali pachache palipo rahisi kufikika, vipige picha kutoka hapo kila mwaka, na vihifadhi picha hizo maktabani pamoja na maelezo ya Kiswahili. Muda uliobaki si mrefu. Barafu iliyomletea Krapf kejeli bado ipo kidogo, na anayetaka kuitolea ushahidi apande sasa.